Hiyo "pwani isiyojulikana" yenu ina ukuta

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za marehemu babangu, akimaliza yeye ndo lishuke kwetu watoto, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mlipokosea majibu ya fumbo wiki nzima nilinyamaza. Lakini hii ya juzi wallahi imenishinda. Nasema ile makala yenu ya wikendi, ile ya kutembea kwa miguu kando ya bahari kuanzia upande wa Kuruwitu mpaka Takaungu huko Kilifi, yenye picha kubwa ya majabali ya Vuma na yule dada amekaa kwenye ncha amefungua mikono. Najua mnaikumbuka. Kichwa cha habari kilisema "Pwani isiyojulikana".

Isiyojulikana na nani? Takaungu ni mji, mhariri. Wamazrui walipotolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837 kuna waliohamia huko, wana misikiti, wana makaburi, na wajukuu zao wako hapa kwetu Kuze, Mombasa, wananikopa sukari. Kuruwitu nako wavuvi wenyewe walijifungia kipande cha bahari yao ili samaki wazae, wakahangaika nacho mpaka Umoja wa Mataifa ukawapa tuzo ya Equator 2017. Halafu anakuja mtu na begi mgongoni anasema ameigundua njia. Hiyo njia wavuvi wanaipita alfajiri kabla yeye hajaamka, sijui alichogundua ni nini, labda pa kuegesha gari.

Sasa sikilizeni. Mpwa wangu alisoma hiyo makala kwenye simu akatushikilia twende. Mmeandika mchanga mweupe hakuna mtu, njia iko juu ya jabali, mwendo wa masaa matatu, hata watoto wanaweza. Basi tukaenda, mimi, wifi yangu na wanawe, na kijana mmoja wa kutuongoza tuliyepewa namba yake na jamaa, akalipwa M-Pesa kabla hata hatujamuona sura. Jam ya Mtwapa sisemi, hiyo kila mtu anaijua, na kijana mwenyewe alikuja amechelewa ati boda iliharibika.

Mwanzo palikuwa pazuri, nisiwe mwongo. Mivinje inavuma, upepo mzuri, wifi akaanza mpaka kuimba. Kisha tukaingia kwenye taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi hii Agosti 2017, nakumbuka tulivyohangaika sokoni na vikapu, sasa hizo chupa na vifuniko na vipande vya nyavu na ndara nani anavileta? Ndara moja moja, haziko jozi, za kushoto, za watoto, zimelala juu ya mwani uliooza mpaka huoni mchanga, na huo ndo mchanga mweupe wenu. Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki kuukuu na ndara, hiyo Flipflopi, wakalizindua 2018 na likasafiri mpaka Zanzibar. Kwa ndara nilizoziona mimi tungepata feri mpya ya Likoni na chenji ikarudi. Vuma ni kuzuri, bahari inapiga chini ya jabali mpaka maji yanaruka yanakulowesha uso, hapo picha yenu haikudanganya. Lakini picha ilipigwa mahali pamoja na njia ni ndefu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, hesabu ya maji siambiwi na mtu. Siku ile ilikuwa bamvu, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mpevu, na bamvu kwetu maji yanapwa asubuhi saa nne saa tano hivi, jioni saa kumi yashajaa, hilo hata mtoto wa chuo analijua. Kwa hivyo kabla hatujatoka nilimuuliza yule kijana, je maji yakijaa tutapita wapi? Akanitolea simu, makala yenu hiyo hiyo, akaniwekea kidole kwenye sentensi: njia iko juu, haiguswi na maji. Nikanyamaza, nani abishane na gazeti.

Na kweli njia ya juu ilikuwepo, majani yamelala kwa kukanyagwa, unaiona kabisa inaenda inaenda halafu inagonga ukuta. Ukuta mpya, saruji bado ya kijivu, umetokea kichakani huko juu ukateremka mpaka ukingoni mwa jabali lenyewe, na juu wamepanda vipande vya chupa, vya kijani na vya kahawia, na chini kabisa kuna tundu la bomba la maji ambalo paka anapita lakini mimi sipiti. Kijana akasema tushuke tuuzunguke kwa chini. Chini gani na maji yashafika! Na nyuma tulikotoka palikuwa pameshafunikwa. Tukashuka hivyo hivyo, buibui nimelikunja nimelifunga kiunoni, mtoto mdogo wa wifi nimempakata, mwingine amenishika mkono analia, wimbi likija linatusukuma mawe yale ya tumbawe na yale yana makali, wifi alikatika kisigino mpaka leo anachechemea. Mara juu ya ukuta akatokea soja, kikombe cha chai mkononi, akanywa kwanza ndo akasema, "Mama, hapa hapapitwi, ni praiveti." Nikamwambia mwanangu, sisi hatuko kwako, sisi tuko baharini. Akasema, "Basi mama kaeni huko huko baharini." Wallahi ndivyo alivyosema. Baadaye alipoona watoto wanatetemeka imani ikamwingia, akateremsha ngazi ya mafundi, tukapanda mmoja mmoja, tukapitishwa kwenye ua wa watu kama wezi wa mbuzi, kando ya bwawa la kuogelea lisilo na maji hata tone, tukatolewa geti la nyuma kwenye barabara ya vumbi. Aliniomba nisiseme kwamba ametuachia, ana watoto anasomesha, kwa hivyo mahali penyewe sipataji na mkinipigia simu kuuliza pia sisemi. Yule kijana wa kutuongoza yeye alishapotea zamani, sijui alipanda wapi.

Mpwa wangu huyo huyo anasomea sheria, na nilipomaliza kumgombeza nikamwambia sasa nieleze, ile pwani ni ya nani. Akanifungulia Katiba ya 2010, kifungu cha 62, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ahsante sana. Sasa hebu tufanye hesabu. Maji yakipwa hiyo ardhi yetu ni pana, vijana wanacheza mpira timu mbili na waamuzi. Bamvu likijaa, maji yamepanda zaidi ya mita 3, ardhi yetu ya umma yote iko chini ya bahari na samaki wamo ndani yake, na ukuta wa mtu unaanzia pale pale maji yanapoishia. Yaani haki yangu ya kikatiba inafunguliwa asubuhi inafungwa alasiri, na kesho yake inachelewa kama dakika 50 hivi, kulingana na mwezi. Hata ofisi za serikali hazina masaa hayo. Hili mwandishi wenu hakuliona kwa sababu yeye, nina hakika, alipita asubuhi maji yamepwa, akapiga picha yake akaenda zake kula pweza Kilifi.

Na tusiwasingizie wa huko peke yao, hapa kwetu Mombasa ni yale yale. Nenda Nyali, nenda Bamburi, nenda Shanzu uulize vichochoro vya kuteremkia pwani. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tunashuka popote na sufuria zetu za pilau, leo kichochoro ukikipata kimebanwa na kuta mbili, katikati pamerundikwa vifusi vya ujenzi, na mwisho wake kuna kijana na kiti cha plastiki anakuuliza unaenda wapi. Naenda baharini, ningekuwa naenda wapi? Matokeo yake Idi ikifika kaunti nzima inamiminika pale ufuo wa umma wa Pirates, miguu juu ya miguu, ngamia, maboya ya kukodisha, watoto wanapotea wanatangazwa kwa spika, halafu jioni mnaandika ati wakazi wahimizwa kuwa waangalifu ufuoni. Wakaangalie ufuo gani mwingine? Angalau pale bustani ya Mama Ngina tangu patengenezwe 2019 kuna mahali pa kuweka makalio ukala mihogo yako, lakini hapo bahari unaitazama tu kwa juu, huigusi.

Sasa mimi sitaki mniombe radhi, radhi hazimponyi wifi kisigino. Nataka vitu viwili. Kwanza, saa za maji kujaa na kupwa mzichapishe kila siku, Kilindini hapo bandarini wanazo za mwaka mzima. Nafasi mkisema hamna, toeni nyota. Kila siku mnatuambia Mizani atapata pesa na Simba apunguze hasira, mimi ni Simba na hasira sijapunguza hata kidogo. Pachikeni maji hapo, watu wa pwani watawashukuru, na Ng'ombe akitaka kujua mambo yake atangoja Jumapili.

Pili, huyo mwandishi arudi. Aende siku ya bamvu, aanze saa nane mchana, kusi likivuma, na nitampa watoto wa wifi aende nao wote maana alisema hata watoto wanaweza. Akifika ukutani asiupige picha kwa mbali, aupime, kimo chake na mahali unapoishia na maji yanapoishia siku hiyo, na hilo tundu la bomba pia alipime, halafu mlichapishe kwa ukubwa ule ule wa yule dada wa Vuma. Tepu ya kupimia nitamwazima mimi, marehemu mume wangu alikuwa seremala na aliacha nzuri ya chuma. Lakini airudishe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kuze, Mji wa Kale, Mombasa