Mlima Meru si wa siku tatu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie matangazo ya kupanda Mlima Meru yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila sikukuu zinapokaribia. "Siku tatu tu! Ijumaa hadi Jumapili, Jumatatu uko kazini." Mimi ni mpishi wa mlimani, mkazi wa Usa River. Hao wa siku tatu nawapikia, na nawaona wanavyoshuka.

Kwa asiyeujua mlima huu, safari huanzia geti la Momella, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Siku ya kwanza mnapita msituni na kulala Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili ni Saddle, mita 3,570. Usiku huohuo mnaamshwa kwenda Kilele cha Ujamaa, mita 4,566. Mpaka hapo wa siku tatu na wa siku nne wako sawa, na ndiyo maana wauzaji hukuapia kwamba hakuna tofauti. Tofauti iko kwenye kushuka. Wa siku nne anarudi Miriakamba, anawekewa maji ya moto kwenye beseni, analala, kesho yake anamalizia. Wa siku tatu anateremka kutoka kileleni hadi getini siku hiyohiyo, karibu mita 3,000, na usiku wake hakulala.

Jikoni nako hatulali. Pale Saddle maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 90, kwa hiyo wali unakuchezea muda mrefu, na maharage mabichi usithubutu kuyapandisha. Ya kwangu nayachemsha nyumbani, napanda nayo yameshaiva. Wageni wakiingia kulala saa moja jioni, mimi bado naosha sufuria. Saa tano usiku nimeshawasha jiko tena, chai na biskuti, wengine uji. Wakiondoka na kurunzi zao vichwani naanza kumenya viazi vya supu. Wanarudi asubuhi, mwingine saa tatu, mwingine saa tano, midomo imepasuka kwa baridi, vumbi la majivu hadi kwenye kope. Supu wanaiangalia tu. Wa siku nne namwambia kalale kwanza, utakula ukiamka. Wa siku tatu ana nusu saa ya kufungasha begi.

Halafu zinakuja ngazi. Kutoka Saddle kupitia Mgongo wa Tembo hadi Miriakamba njia imewekewa magogo, na kila gogo ni goti. Nimemwona kijana wa mazoezi, kifua kama cha mwanajeshi, akizishuka kinyumenyume huku ameshikilia fimbo mbili na machozi yanamtoka. Na akifika Miriakamba bado hajafika. Chini yake kuna nyati, ndiyo maana lazima mtembee na askari mwenye bunduki, na kundi haligawanyiki. Mmoja akichechemea, wote mnakwenda kwa mwendo wake, na jua la huku likiamua kuzama halingoji mtu.

Kinachonisikitisha zaidi ni wanachokikosa. Ukiamka Miriakamba siku ya nne, tumbo limeshiba, ndipo unapouona mlima. Mbele yako kuna koni ya majivu ndani ya kreta, na nyuma yake ukuta wa mwamba unaopanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Mlima huu zamani ulikuwa mkubwa kuliko sasa. Upande wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na vile vilima-vilima vya kuzunguka maziwa ya Momella, ambavyo watu huvipita kwenye gari wakitafuta twiga, ni kifusi chake. Mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910, juzi tu kwa umri wa mlima. Kisha mnaweza kushuka kwa njia ndefu ya msituni, mkiwasikia mbega juu ya miti iliyoota ndevu za kijivu, mpite chini ya ule mkuyu wenye tao ambalo hata tembo anapita. Kwangu mimi kilele ni mahali pa kupigia picha. Wa siku tatu haya yote anayapita mbio, macho kwenye vidole vya miguu.

Na sisi je? Wagumu, yaani wabeba mizigo, na sisi wapishi tunalipwa kwa siku. Mtungi wa gesi, sufuria na mabegi ya wageni ni yaleyale, kilele ni kilekile, siku inayokatwa ni ya malipo yetu. Kuna kampuni moja, sitaitaja, tulifika getini giza limeshaingia, tukauliza kuhusu muda wa ziada, tukajibiwa kwamba safari ilikuwa ya siku tatu na karatasi inasema tatu. Kilo zetu zinapimwa, saa zetu hakuna anayezipima. Naziomba mamlaka zinazohusika zilitazame hili: anayetaka kilele kwa siku tatu basi awalipe watu wake siku nne.

Najua likizo ni ngumu kupata. Lakini Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo siku ya nne haimuumizi kiasi hicho. Pasaka ina siku nne kamili, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, ingawa ni masika na tope la msituni mtalijua. Saba Saba na Nane Nane ni kiangazi, ombeni ruhusa ya siku moja au mbili muunganishe na wikiendi.

Ndugu zetu wa Dar na Dodoma mnaochangishana sasa hivi kwa ajili ya Desemba, kabla ya kutuma hela mwulizeni mratibu wenu usiku wa tatu mtalala wapi. Akisema Miriakamba, tumeni. Akisema Arusha mjini, mwambieni apange upya. Na mje na soksi za kutosha, vuli hainaga adabu.

Mpishi wa mlimani,
Usa River, Arusha