Barua ya wazi kwa vijana wa mifumo ya kompyuta mnaosaka kazi

Wanangu,

Inaniuma, na hasira ninayo. Kijana ana shahada, ana vyeti vitano vya mtandaoni, anaingia usaili wa vitendo anaambiwa: seva imekufa, bekapu (nakala ya akiba ya data) hii hapa, irudishe. Nusu saa anaitazama skrini tu. Akitoka nje anasema ajira hakuna.

Ajira ni chache, kweli, na zimehama. Kazi ya kutunza seva ya barua pepe ilipungua ofisi nyingi zilipohamia kwenye huduma za wingu. Benki, kampuni za simu, hospitali na taasisi za serikali zinamtaka anayeweza kuuinua mfumo ulioanguka. Basi jifunzeni hilo. Laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 16 inatosha: wekeni VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe ndani ya kompyuta halisi, na ndani yake seva mbili za Linux. Ya kwanza iwe na PostgreSQL, programu ya database, yenye data. Kila usiku cron, kipanga ratiba cha Linux, iendeshe pg_dump, amri ya kunakili database, na faili lihamishiwe kwenye ya pili. Kisha futeni ya kwanza yote, mjenge mpya, mrudishe data huku mnapima muda.

Hapo ndipo mtaona mambo. Faili lipo, tarehe ni sahihi, ukubwa baiti 0: alama ya >, inayoelekeza matokeo ya amri kwenye faili, hutengeneza faili hilo hata amri ikishindwa. Skripti iliyokubali mchana mlipoiendesha wenyewe imegoma usiku, kwa sababu PATH ya cron, yaani orodha ya folda inamotafuta amri, ni fupi. Data imerudi, ila watumiaji wa database hawamo, maana pg_dump haiwabebi. Hao huchukuliwa na pg_dumpall --globals-only. Andikeni kila kosa na dawa yake, mwende nayo usailini. Karatasi hiyo ina uzito kuliko cheti cha sita.

Mengine ya kujifunza ni haya: DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), Ansible (zana ya kusanidi seva nyingi kwa pamoja), Kiingereza cha kuandikia ripoti. Kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali ya Tanzania, barua ya maombi isainiwe. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, pandisheni vyeti vyenyewe.

Nanyi waajiri, nafasi ya kuanzia mnaitakia uzoefu wa miaka mitatu; aupate wapi? Kumweka mtoto wa watu "ajitolee" mwaka mzima bila hata nauli, huku mmemkabidhi nywila ya seva kuu, ni dhuluma. Tena mnahatarisha taarifa za wateja, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde. Mpeni mkataba, na mhandisi mzoefu wa kumsimamia.