Seli Shina Haziuzwi kwa Pakiti: Jibu Letu kwa Wateja wa Busia

Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliingia dukani kwetu, hapa Busia upande wa Uganda, ameshika pakiti kumi na tano zilizofungwa kwa mpira wa pesa. Hakuja kununua. Alitaka kujua kama anaweza kuongeza dozi, maana mwanawe wa miaka saba bado analia mifupa usiku. Juu ya pakiti kulikuwa na maandishi ya dhahabu: seli shina. Aliyemuuzia ni jirani anayesali naye, ambaye naye aliuziwa na mtu wa Kampala, kwa ile biashara ya kila mmoja kutafuta watu wake wa chini. Mbuzi watatu walikuwa wameshakwenda sokoni.

Mtoto ana sikoseli, ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu; ndugu zetu wa Tanzania wanauita selimundu. Kilichonitisha si mbuzi. Mama alikuwa ameacha kumpa mtoto dawa zake za kila siku, kwa sababu aliambiwa zinagombana na pakiti.

"Mnazo seli shina?" ni swali tunaloulizwa kaunta mara nyingi siku hizi, kwa hiyo nimeona nilijibu mara moja kwa maandishi. Mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa mjini hapa ukivaa koti jeupe tu umekwisha kuwa daktari.

Hatuna. Seli shina za kweli ni seli hai. Zinapohifadhiwa kwa muda mrefu huwekwa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Friji yetu ya insulini inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na hiyo ni siku umeme haujakatika. Kitu kilichosafiri kwenye buti la matatu kutoka Kampala, kikakaa juani, kisha kikachanganywa na chai, kiite utakavyo, lakini si seli hai.

Ukitaka kuzielewa seli hizi, nenda nyuma ya nyumba utazame mgomba. Mkungu ukishakatwa, mgomba ule umemaliza kazi. Lakini chini, kwenye shina lililofukiwa udongoni, machipukizi yanatokeza, na shamba linaendelea miaka na miaka. Jani haliwezi kuzaa mgomba, shina ndilo linaloweza. Mwili nao uko hivyo. Sehemu kubwa ya seli zetu ni majani: zina kazi moja, zinaifanya, zinakufa. Seli nyekundu ya damu huishi siku kama 120 na haizai nyingine. Zinazoleta mpya, kiasi cha milioni 2 kila sekunde, ni seli shina zilizojificha kwenye uboho ndani ya mifupa.

Sasa chukua chipukizi la mgomba, likaushe, lisage liwe unga, ukoroge uji. Utapata shamba tumboni? Tumbo halijui kwamba ulichokula kilikuwa shina. Linakimeng'enya kama linavyomeng'enya matoke yenyewe. Nilipoigeuza ile pakiti nikasoma maandishi madogo, yale ambayo hayakuandikwa kwa dhahabu, ndani mlikuwa na dondoo la tufaha, zabibu na sukari. Seli shina za tufaha, zingekuwa hai, zingezaa tufaha.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Ahadi yenyewe ni ya kweli, na imeokoa watu kabla mimi sijazaliwa. Daktari wa Marekani E. Donnall Thomas alianza kupandikiza uboho kwa wagonjwa wa saratani ya damu katika miaka ya 1950. Wengi wa wale wa mwanzo walifariki. Aliendelea, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo mtoto mwenye sikoseli anaweza kupona kabisa kwa njia hiyo: uboho wake unafutwa kwa dawa kali za aina ya zile za saratani, kisha anawekewa seli shina za ndugu yake, nazo zinahamia mifupani na kuanza kutengeneza damu nzuri. Si lazima mtu avuke bahari, kwani Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imekwisha kuwafanyia watoto wenye ugonjwa huu.

Kikwazo ni kumpata ndugu. Wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Na zile dawa za kufuta uboho zinaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuzaa baadaye, jambo ambalo wazazi wanapaswa kuambiwa kabla ya kutia sahihi, si baada.

Njia mpya zaidi haihitaji ndugu. Wanazitoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, wanazihariri jeni kwa chombo kiitwacho CRISPR, wanamrudishia. Wanachofanya ni kuiamsha tena ile hemoglobini ya kichanga, protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo sisi sote tulizaliwa nayo na ambayo haizikunji seli. (Ndiyo maana mtoto wa sikoseli huonekana mzima miezi ya kwanza, kisha mikono inaanza kuvimba na bibi anasema amelogwa.) Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huohuo. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Kwa pesa yetu ni karibu shilingi bilioni 8, kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo ninapoona mjadala wa maadili unatuhusu sisi. Lakini mjadala ulioujaza ulimwengu kwa miaka ishirini na zaidi ulianzia kwingine, na wateja wetu huuliza: "Daktari, si wanaua watoto ili kupata hizo seli?"

Swali lina msingi. Mwaka 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifanikiwa kukuza seli shina kutoka kwenye kiinitete cha binadamu, yaani yai lililorutubishwa lenye umri wa siku chache tu. Viinitete hivyo vilitengenezwa maabara kwa ajili ya wanandoa waliokuwa wakitafuta mtoto, vikabaki, na wenyewe wakakubali kuvitoa kwa utafiti. Kiinitete cha siku tano ni kidogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii, lakini seli zake zinaweza kuwa chochote: moyo, ubongo, kongosho. Ili kuzitoa, unakiharibu. Kanisa Katoliki, katika hati zake za 1987 na 2008, limesema hilo haliruhusiwi, kwa kuwa kiinitete kinastahili heshima ya binadamu tangu kutungwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema roho hupulizwa siku ya 120, hivyo baadhi yao hawaoni kosa katika viinitete vilivyobaki, na Iran imekuwa ikifanya utafiti huo tangu mapema miaka ya 2000. Marekani, Rais Bush alibana pesa za serikali mwaka 2001, Obama akazifungua 2009. Hapa kwetu Katiba, ibara ya 22, inakataza kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa sheria iruhusu. Kama hilo linafika hadi kwenye kiinitete kilicho ndani ya kisahani cha maabara, wanasheria wana kazi.

Kisha akaja Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani. Mwaka 2006 alichukua seli za ngozi ya panya, akaziingizia jeni nne, zikarudi kuwa kama seli za kiinitete. Mwaka uliofuata akafanya hivyohivyo kwa seli za binadamu. Kwa mfano wetu, alilichukua jani akalirudisha kuwa chipukizi. Nobel ilimfuata 2012. Tangu hapo anayekataa kugusa kiinitete ana njia nyingine. Na tiba ya uboho, niliyoieleza juu, haijawahi kuhitaji kiinitete hata kimoja. Padri wako hana ugomvi nayo, wala shehe.

Mimi kilichonikera zaidi katika hadithi hii yote ni kisa cha Korea Kusini. Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba ametengeneza seli shina kwa kunakili viinitete vya binadamu. Nchi yake ilimfanya shujaa. Januari 2006 makala zake zikafutwa, data zilikuwa za kubuni. Lakini kabla ya hapo lilifichuka jambo lingine: baadhi ya mayai yaliyotumika yalitoka kwa wasichana wa maabara yake mwenyewe. Wewe ni mfanyakazi mdogo, mkubwa wako anahitaji mayai, utasema hapana kwa mdomo gani? Fikiria swali hilo kwa msichana wa hapa mpakani anayetafuta karo ya mdogo wake. Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo, nayo inapiga marufuku biashara ya viungo vya binadamu. Utafiti wowote kwa watu lazima upite kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtu akikuomba damu, kitovu au mafuta ya mwili "kwa utafiti wa seli shina", una haki ya kuiona karatasi ya usajili huo kabla hujakunja mkono wa shati.

Kuhusu kitovu, wengine wameona matangazo ya kampuni za nje za kuhifadhi damu yake. Damu ya kitovu ina seli shina kweli. Paris mwaka 1988 ilimtibu mtoto kwa mara ya kwanza. Lakini kwa mtoto mwenye sikoseli, damu ya kitovu chake mwenyewe ina jeni ileile mbovu. Inayoweza kumsaidia ni ya nduguye mzima, siyo yake. Baganda walikihifadhi kitovu wakakiita mulongo, pacha, na wao hawakutoza ada ya kila mwaka.

Swali la ukimwi nalo halikosekani. Ndiyo, Timothy Ray Brown alipona VVU baada ya kupandikizwa uboho Berlin mwaka 2007. Alipandikizwa kwa sababu alikuwa na saratani ya damu, na aliyemchangia alikuwa na badiliko la jeni lisilo la kawaida linalokizuia kirusi kuingia kwenye seli. Upandikizaji huo huua baadhi ya wagonjwa. ARV haziui, na ni bure. Usiache kidonge chako.

Na kuna wanaodunga. Huko Florida mwaka 2015, wanawake watatu wenye umri kati ya miaka 72 na 88 walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe. Kila mmoja alilipa dola 5,000, na baadhi yao waliamini wako kwenye utafiti halali. Macho yao yakaharibika vibaya. Hiyo ni Marekani, yenye wakaguzi wengi kuliko sisi. Dawa ikiwa halali Uganda, iko kwenye rejesta ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na tutakutafutia jina lake humo ukiwa umesimama hapohapo.

Yule mama nilimwambia jambo moja tu la kufanya wiki ile: arudi kliniki ya sikoseli Mbale, na mtoto arudishiwe dawa zake. Mbale ni mojawapo ya sehemu nne za Afrika, pamoja na Kilifi, Kinshasa na Luanda, ambako utafiti mmoja uliijaribu dawa iitwayo haidroksiyurea kwa watoto wenye ugonjwa huu. Matokeo yalichapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Haiponyi. Ni kidonge cha zamani, na daktari lazima apime damu mara kwa mara. Lakini kinafanya kwa njia nyepesi kile kile ambacho tiba ya bilioni 8 inakifanya: kuiamsha hemoglobini ya kichanga. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa gari akaambiwa baiskeli ilikuwa nyumbani siku zote.

Huduma yenyewe, basi. Katika maabara yetu ndogo nyuma ya duka tunapima sikoseli. Utafiti wa kitaifa uliopima damu ya watoto karibu 100,000 mwaka 2014 na 2015 uligundua kwamba asilimia 13.3 ya watoto wa Uganda wanabeba jeni hiyo, na mashariki na kaskazini ndiko hali ilikuwa nzito. Wachumba wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Njooni wawili, kabla ya kadi za harusi kuchapwa. Kipimo cha tone la damu kwenye kioo kinasema tu kama seli zinajikunja, hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto chini ya miezi sita hakiaminiki. Kikionyesha kitu, tunatuma sampuli kwa kipimo kikubwa na majibu mnapewa ndani, mlango umefungwa, si kaunta.

Mwenye pakiti nyumbani, aje nayo ikiwa na lebo yake na risiti kama ipo. Kuisoma lebo hatutozi. Jumamosi mchana kuna foleni kwa sababu ya soko, jaribu asubuhi.