Mabaki ya maharage yarudi shambani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakulima wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na maofisa ugani wetu, kuhusu kazi ambayo tunaifanya nusu kisha tunailaumu. Huku Mbeya hakuna anayehitaji kufundishwa kuchanganya mahindi na maharage, kwa kuwa tumerithi kilimo hicho kwa wazazi wetu. Hata hivyo, kila msimu nasikia watu wakilalamika kwamba maharage hayajawahi kurutubisha shamba lao.

Wanasema kweli, ila kosa si la maharage. Mazao ya jamii ya kunde, maharage yakiwemo, hupata naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mimea, kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hubaki ndani ya mmea wenyewe, katika majani, mashina na hasa katika punje, hivyo mahindi yaliyo jirani hupata kidogo sana msimu huohuo. Faida huja msimu unaofuata, majani na mizizi vinapooza udongoni. Sasa tutazame tunavyovuna: mmea hung'olewa mzima na mizizi yake, hufungwa mizigo, hubebwa hadi nyumbani na kupurwa uani, kisha maganda na mashina huchomwa moto nyuma ya jiko. Punje tumekula au tumeuza, mabaki yamekuwa majivu, na shamba limetoa bila kurudishiwa chochote.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Maharage yaliyopandwa pamoja na mahindi mwanzoni mwa mvua, Novemba au Desemba, huiva mvua zikiwa bado zinanyesha, na ukiyaacha shambani yanaota au kuoza. Hayo hatuna budi kuyabeba, lakini maganda yake yarudishwe. Na kama yameliwa na ng'ombe, basi samadi itoke zizini iende kwenye shamba lilelile. Maharage ya Februari na Machi, yanayopandwa chini ya mahindi yanayoelekea kukomaa, hukauka kiangazi kikiwa kimeanza, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyahamisha. Yakatwe kwa mundu, mizizi ibaki ardhini, yapurwe juu ya turubai palepale, na mabaki yatawanywe.

Jambo la pili ni fosforasi, kirutubisho kingine cha mimea. Udongo wetu sehemu nyingi una tindikali, na fosforasi hushikwa humo kiasi kwamba mizizi haiipati kwa urahisi, ilhali vinundu haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Mkulima na achimbue shina moja kwa uangalifu maharage yanapotoa maua, apasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijani, hakimsaidii. Wengi wetu hutia mbolea ya kupandia kwenye mashimo ya mahindi tu. Maharage nayo yapewe ya fosforasi, na Urea isimwagwe karibu nayo, kwa sababu mmea ukishiba naitrojeni ya dukani hupunguza kuunda vinundu.

Sisemi mbolea ya dukani iachwe. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni, na maharage ni dhaifu katika kazi ya kupata naitrojeni hewani kuliko soya, kunde au karanga. Ndiyo maana ningependa kuona soya ikizungushwa na mahindi katika mashamba yetu, na ardhi iliyochoka kabisa ipewe marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo, ambayo wenzetu wa Ruvuma wanaifahamu vizuri, ikalimiwa chini inapotoa maua.

Tangu msimu wa 2022/23 wakulima tunasajiliwa ili kupata mbolea ya ruzuku. Nawaomba maofisa ugani watumie fursa ya usajili huo kutueleza pia namna ya kuvuna maharage bila kuuibia udongo, na watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, hapa Mbeya, ambao wametupatia mbegu nyingi nzuri za maharage, watuambie waziwazi ni zipi zinazostahimili kivuli cha mahindi. Mashamba darasa ya jambo hili yaanzishwe kabla ya mvua za Novemba, maana mkulima akishapanda hasikilizi tena mafunzo.

Mkulima,
Tembela, Mbeya