Kaka, kabla hujanunua hiyo transpoti

Mambo kaka,

Meseji yako nimeiona, na swali lenyewe, ununue pleya kamili ya CD au transpoti tupu, yaani mashine inayosoma diski tu na kutoa dijitali bila kuigeuza kuwa sauti, nimeona nikujibu kwa barua, manake kwenye meseji ningekata maneno halafu ungenipigia usiku wa manane.

Umesema DAC yako, hicho kiboksi cha kugeuza dijitali kuwa sauti, unaipenda na huna mpango wa kuibadilisha. Basi nusu ya swali umeshalijibu mwenyewe. Ukinunua pleya kamili ya bei kubwa, sehemu nzuri ya hela inakwenda kwenye DAC na saketi za analogi zilizomo ndani, vitu ambavyo wewe utavipita tu na kutoa dijitali kwa nyuma, sasa ya nini? Chukua transpoti, yaani mota, leza, trei na tundu la kutolea dijitali, basi.

Ila kwanza niambie kitu kimoja: SACD, zile diski za sauti ya ubora wa juu kuliko CD, unazo? Sio moja mbili ulizopewa, nauliza kama unazo za kutosha na unazisikiliza kweli. Transpoti nyingi zinasoma CD tu. Ukiiwekea SACD ya haibridi, yenye tabaka la CD na la SACD pamoja, itasoma tabaka la CD, biti 16 kwa 44.1 kHz kama kawaida, lile tabaka la DSD, mfumo wa data wa SACD, la 2.8224 MHz hutalisikia kabisa, na isiyokuwa haibridi itakataa. Na hata mashine zinazosoma SACD, nyingi hazitoi DSD kwenye waya wa dijitali wa koaksia wala kwenye ule waya wa mwanga, wenye mfumo waliubana hivyo ili watu wasinakili. Mwenye SACD nyingi ndiye ningemwambia achukue pleya kamili, kitu kama Marantz SA-10. Wewe nakujua, kabati lako limejaa CD za kawaida, kwa hiyo tuendelee.

Sasa sauti. Watu watakwambia transpoti hii ina besi nene, ile ina hewa, nyingine inapanua jukwaa. Sikia, Sony na Philips walipokubaliana mfumo wa CD mwaka 1980 waliweka humo humo namna ya kurekebisha makosa, leza ikikosa kusoma kipande cha kama milimita 2.5 cha njia ya data kwenye diski, mashine inakijaza na biti zinatoka zile zile, sio za kukisia. Kukisia kunaanza pengo likizidi hapo. Ndio maana mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda nje hausumbui sana lakini ule unaofuata mzunguko wa njia unaua wimbo, na ndio maana diski inafutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, sio kwa kuzungusha kitambaa kama unaosha sahani. Kwa hiyo diski ikiwa safi na mashine ikiwa nzima, data ya ile ya bei poa na ya ile ya bei ya kutisha ni moja.

Kinachobaki kubishaniwa ni jita, yaani mapigo ya saa ya dijitali kuyumba kidogo. S/PDIF, huo mfumo wa kutoa dijitali kutoka transpoti kwenda DAC, inabeba data na mapigo ya saa kwenye waya mmoja na DAC inabidi iyachomoe mapigo hayo humo, DAC za zamani zilikuwa zinayumba kweli hapo. Za sasa nyingi zinaipokea data, zinaitunza kidogo, halafu zinaipanga upya kwa saa yao wenyewe. Sisemi tofauti haipo, nasema usitoe hela kwa ajili ya tofauti unayoitafuta huku umekunja uso.

Toa hela kwa ajili ya makanika, yaani mtambo wa ndani unaozungusha na kusoma diski. Diski inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na kasi ya njia kupita chini ya leza haitakiwi kubadilika, kwa hiyo inaanza na mizunguko kama 500 kwa dakika na ukingoni inashuka mpaka kama 200. Maana yake kelele za makanika mbovu utazisikia kwenye wimbo wa kwanza, sio wa mwisho. Ukienda kuijaribu chagua diski inayoanza na muziki wa chini chini, kaa pale mtu anapokaa kusikiliza, sio sikio juu ya boksi, ukisikia mvumo au tik tik ya leza ikitafuta njia, achana nayo hata kama imepakwa dhahabu. Hapo ndipo nawavulia kofia TEAC na Esoteric, ule mfumo wao wa VRDS unaibana diski kwenye sahani yake isitetemeke, ni uhandisi wa kweli. VRDS-701T ni transpoti tupu, kama mfuko unaruhusu sitakuzuia. Huku kwenye bei za chini Cambridge Audio CXC na Audiolab 6000CDT zinafanya kazi yote unayohitaji, ila hiyo Audiolab haina trei, inameza diski mdomoni, vile vidiski vya sentimita 8 usithubutu kuitilia.

Halafu spea. Leza inachoka, hakuna leza isiyochoka. Kuna jamaa ana mashine moja nzito kama jiwe la msingi, leza imekufa na wenyewe walioitengeneza wamemwambia hawana tena ya kubadilisha, sasa hivi ameiwekea maua juu. Philips nao walishaacha kutengeneza makanika yao ya CD-Pro2, ambayo ndiyo ilikuwa moyo wa mashine nyingi za kifahari, kwa hiyo ukiona ya mtumba yenye hiyo usisisimke na bei kabla hujajua leza utaipata wapi.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi. CD kadhaa za miaka ya 80, hasa za mwanzo mwanzo, zilirekodiwa na sauti za juu zimenyanyuliwa, karibu desibeli 10 kule juu kabisa, na ndani ya data kuna alama ya kuiambia mashine izishushe. Pleya kamili inazishusha yenyewe. Ukiwa na transpoti kazi hiyo inaiangukia DAC, na DAC kibao za sasa hivi haziitazami hiyo alama, unasikia matoazi yanachoma masikio unaanza kulaumu spika. Una CD nyingi za umri huo, kwa hiyo fungua kitabu cha DAC yako uone wanasemaje kuhusu hilo. Kama haishushi, tafuta transpoti inayoshusha yenyewe kabla ya kutoa dijitali, zipo ila chache, na hilo kwako ni kubwa kuliko rangi na uzito wa boksi.

Waya chukua koaksia ya oma 75 ya kawaida tu, hapo hata tusibishane.

Ukishapunguza zikabaki mbili tatu nitumie majina, na jina la makanika iliyo ndani ya kila moja, nimuulize fundi kama leza zake bado zinapatikana.

Wasalimie nyumbani,
Ni mimi rafiki yako