Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Njoo utusomee mkataba wa kiwanda chetu cha korosho

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Najua jibu lake ni "Kazi iendelee", na ndiyo maana nimeamua kukuandikia hadharani, kwa sababu huku kwetu Mtwara kazi yenyewe imepakiwa kwenye semitrela wiki iliyopita ikaondoka.

Nieleze. Kile kiwanda cha kubangua korosho ulichokitembelea, ukavalishwa kofia ngumu na kupigwa picha umeshika korosho kiganjani, kimeng'olewa mashine. Walikuja vijana na mitungi ya gesi. Wakakata boila, wakakata matanuri ya kukaushia, wakazitoa zile meza za chuma tulizokuwa tukizizunguka kumi kumi tukibangua, vyote vikapimwa kwa kilo kama chuma chakavu. Nikamuuliza mlinzi wa getini, nani karuhusu? Akanijibu, "Mama, mimi kazi yangu kuandika namba za magari tu." Lori lilipotoka, geti likafungwa kwa kufuli jipya linalong'aa. Tangu kiwanda kile kiuzwe, kufuli hilo ndilo kitu kipya pekee nilichokiona kikiletwa pale.

Sasa nikukumbushe, Mheshimiwa, kwa heshima zote. Kwenye mkutano wa hadhara ulisema mwekezaji yeyote aliyeuziwa kiwanda ili abangue, halafu habangui, atanyang'anywa. Tulipiga vigelegele hadi watoto wakashtuka. Mzee mmoja akauliza, mbona basi korosho zetu zinaondoka ghafi kila msimu? Ukamjibu kwa upole kwamba hayo ni mambo ya utandawazi, dunia imekuwa kijiji kimoja, hatuna budi kushindana. Sawa. Ila kijiji hicho mwenyekiti wake hatukumpigia kura, na mikutano yake inafanyika bila sisi kuitwa. Tunaletewa muhtasari tu, na muhtasari huo unaitwa bei.

Naomba usitufundishe utandawazi kama watu ambao hawajawahi kuuona. Mkorosho si mti wa kwetu. Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani hii karne ya 16, ukaota, ukatupenda, leo ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Tangu wakati wa mkoloni korosho zetu zilipandishwa meli kwenda India, kwenye viwanda vya Kollam kule Kerala, wanawake wa huko wakabangua, Wamarekani na Waingereza wakala. Baadaye wakaja Wavietnam. Wao miaka ya themanini walikuwa wanatoka vitani, hawana kitu, wakaanza na karakana ndogo ndogo, wakatengeneza mashine zao wenyewe, na sasa ndio wanaoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa. Nasikia hata wale wanawake wa Kollam wamefungiwa viwanda vingi kwa sababu hiyo hiyo. Poleni dada zetu, tuko pamoja. Lakini wao angalau walibangua kwa miaka mingi kabla ya kunyang'anywa. Sisi tumenyang'anywa kabla hatujashiba.

Mimi nimebangua. Acha nikusimulie, maana wanaoandika taarifa zenu sidhani kama wamewahi kushika korosho yenye ganda. Ganda lile lina mafuta makali kama tindikali. Yakikugusa yanachoma, ngozi inakuwa nyeusi, inabambuka, unajipaka majivu unaendelea. Korosho inachemshwa kwa mvuke, inaanikwa ipoe, unaipasua kwa mashine ya mguu au kwa kigongo, ukikosea kipimo inavunjika, na vipande bei yake siyo bei ya nzima. Halafu tanuri, halafu unatoa ule utando mwekundu kwa kisu kidogo, taratibu, mpaka itoke nyeupe. Tulilipwa kwa kilo. Hela ilikuwa ndogo na tulilalamika sana, silifichi hilo. Ila ilikuwa inakuja kila wiki, mikononi mwa wanawake, hata mwezi wa nne ambapo hakuna msimu na mzee wa nyumba hana senti. Hizo hela za mwezi wa nne, Mheshimiwa, ndizo zinazowalea watoto.

Sasa hesabu, tuwe wawazi. Kwenye minada yetu ubora unapimwa kwa ratili. Gunia la kilo 80 za korosho ghafi likiwa zuri linatoa ratili 48 hivi za korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, kama kilo 22. Kilo zote zilizobaki ni maganda, unyevu na utando. Maana yake nchi hii inapakia maganda kwenye makontena, inayalipia nauli ya meli kuvuka Bahari ya Hindi, yanafika huko yanakamuliwa mafuta ya kutengenezea rangi na breki za magari. Breki, Mheshimiwa! Huenda hata breki za gari lako la wizara zina ganda la Mtwara ndani yake. Sisi huku tunategemea vya nje: salfa ya kupulizia inakuja kwa meli, na hata magunia ya kuwekea korosho tunasubiri yaletwe kutoka Bangladesh, wakati katani inalimwa Tanga. Magunia yakichelewa, mnada unachelewa, na korosho ikikaa sana inapungua uzito. Huo unaitwa unyaufu. Unyaufu anakatwa mkulima. Sijawahi kusikia mwenye meli kakatwa unyaufu.

Najua utaniambia viwanda vilikuwepo vikatushinda. Ni kweli vilikuwepo. Miaka ya sabini Serikali ilikopa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa kwa mashine za Waitaliano na Wajapani, vyenye uwezo wa kubangua tani zaidi ya laki moja kwa mwaka. Mwaka 1973/74 tulivuna tani karibu 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya themanini mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Hapo siwezi kumsingizia Mvietnam. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, bei ya Serikali ilikuwa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia. Viwanda vikapata kutu huku deni likiendelea kudaiwa. Kisha ikaja amri ya kufungua soko na kubinafsisha, vikauzwa, na vingi vikageuzwa maghala. Kiwanda cha kubangua kikawa mahali pa kutunzia korosho ghafi zinazosubiri meli. Ukitaka kujua utandawazi kwa vitendo ndio huo, hauhitaji semina.

Lakini sasa mavuno yamerudi, tena kwa kishindo, na bei msimu wa 2024 ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Tulifurahi. Kwa nini basi kiwanda hakirudi? Mimi si mchumi, nakisia tu kama mkulima. Nadhani moja ni benki. Korosho inavunwa kwa miezi mitatu tu. Anayetaka kubangua mwaka mzima lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, kwa mkopo, na kwa riba za hapa kwetu. Mwenzake anayenunua kwa ajili ya viwanda vya nje anakuja na hela ya riba ndogo, anapakia, anaondoka. Mnadani wote wawili wanaambiwa washindane kwa haki. Hapo haki iko wapi? Lingine nadhani ni kwamba kusafirisha ghafi hakuna usumbufu: huajiri mama, humlipii mfuko wa jamii, huhangaiki na umeme ukikatika. Na la tatu sitalisema, maana nina wajukuu.

Halafu msituambie kwamba mikono yenu imefungwa na soko la dunia. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, kwa ndugu zetu kabisa, Benki ya Dunia iliwashauri miaka ya tisini wapunguze ushuru wa kuuza nje korosho ghafi, eti mkulima atapata bei nzuri. Viwanda vyao vikafungwa, watu maelfu wakakosa kazi, na hiyo bei nzuri wakulima hawakuiona sawasawa. Bunge lao likakasirika likapandisha ushuru, kati ya asilimia 18 na 22. Walithubutu. Ivory Coast nao, ambao sasa ndio wanaovuna nyingi kuliko wote, wanawapa ruzuku wanaobangua nyumbani. Na sisi tuna bahati ambayo hao wa Ivory Coast hawana: msimu wa Afrika Magharibi unaanza mwezi wa pili, wetu ni mwezi wa kumi. Wakati ghala za Wavietnam zinakauka, korosho mbichi iliyopo kwa wingi ni yetu. Mwenye mali ambayo wengine hawana, katika kijiji chochote nikijuacho, huwa anapandisha sauti kidogo.

Sisi sauti tuliipandisha mara moja, mwaka 2018. Msimu uliotangulia bei ilikaribia 4,000, kisha zabuni zikaja chini ya 3,000, tukagoma kuuza. Rais Magufuli akawakataa wanunuzi, akatangaza shilingi 3,300, jeshi likaja kubeba korosho. Siku ile tulicheza ngoma. Baadaye ukaja uhakiki, tuonyeshe mashamba, tuthibitishe kama sisi si kangomba, yaani walanguzi wa korosho, na malipo yakasubiriwa mpaka shule zikafunguliwa. Mwaka huo huo Bunge lilibadilisha sheria, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi iliyokuwa irudi kuendeleza zao ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Ushuru ule uliwekwa ili ghafi isiondoke kirahisi na viwanda vipate nguvu. Ghafi inaondoka kirahisi. Viwanda ndio hivyo vinakatwa kwa gesi.

Kwangu mimi mambo yako hivi. Shamba ninalo, limebaki nusu, maana mwaka niliokosa hela ya salfa niliikodisha mikorosho kwa kangomba, akavuna yeye, na alinipimia kwa bakuli si kwa mizani. Magoti yanauma kwa kuokota. Binti yangu, niliyemfundisha mwenyewe kubangua bila kuvunja, yuko Muscat anafua nguo za watu. Hiyo nayo ni bidhaa tunayoipeleka nje bila kuiongeza thamani, sijui ushuru wake ni asilimia ngapi. Kila mwisho wa mwezi ananiuliza kwa simu, "Mama, kiwanda kimefunguliwa?" Kwa sababu wewe ulisema kitafunguliwa, na video yako ya siku ile bado anayo.

Mheshimiwa, nilitaka kukuomba mengi. Nilitaka kukuomba mkopo wa riba nafuu kwa vikundi vya akina mama. Nilitaka kukuomba wabanguaji wa ndani wapewe nafasi ya kununua kwanza kabla mnada haujafunguliwa kwa wote. Naona nikiomba mengi utaunda kamati. Kamati itakuja na magari, itakula korosho zetu za kukaanga, itaondoka.

Basi naomba kimoja. Kiwanda kilipouzwa, kulikuwa na mkataba. Tunaambiwa mkataba ulisema aliyenunua atabangua korosho, hatakigeuza ghala, na mashine hataziuza. Tunaambiwa tu, hatujauona. Afisa mmoja ananiambia uko Dodoma, mwingine ananiambia uko Dar es Salaam, wa tatu akaniambia ni siri ya kibiashara. Siri dhidi ya nani? Kiwanda kilijengwa kwa mkopo uliolipwa kwa kodi zetu na korosho zetu. Mimi ni mmoja wa walioulipa.

Uje na mkataba huo. Usimtume mtu. Utusomee kwa kipaza sauti, pale pale uwanjani, kwa Kiswahili, kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama kipengele cha kubangua kimo, tumwone mwenye kiwanda akijibu. Kama hakimo, tuambie hakimo, na utuambie nani alitia sahihi. Mashine zimeshakwenda, boila halitarudi, hilo nalijua. Mkataba ni karatasi, hauna uzito, unaingia kwenye mkoba wako. Uje nao kabla mwezi wa kumi haujafika na minada haijaanza, maana minada ikianza hakuna atakayekuwa na muda wa kutusikiliza, hata wewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mbanguaji wa zamani, mkulima wa sasa,
Mtwara

Nakala: Kwa mmiliki wa kiwanda, popote alipo.