Barua ya wazi kwa wanaoanza somo la falsafa

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu aliyesahihisha insha za falsafa za mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, na ombi langu kwenu ni moja: msimpinge mwanafalsafa yeyote kabla hamjaweza kuieleza hoja yake kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekiri kuwa ndiyo aliyoikusudia. Insha nyingi nilizozipa alama za chini hazikuandikwa na wavivu, bali na vijana wenye akili waliokimbilia kupinga jambo ambalo mwandishi hakulisema.

Chukueni Tafakuri ya kwanza katika kitabu cha Tafakuri cha mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, kilichochapishwa mwaka 1641. Insha juu yake mara nyingi ilifunguliwa hivi: "Tangu zamani za kale wanadamu wamejiuliza kuhusu ukweli. Descartes anasema milango ya fahamu ni ya uongo, lakini mimi sikubaliani naye." Sentensi ya kwanza haina kazi yoyote, ifuteni. Zinazofuata zinamsingizia mtu. Alichosema ni kwamba milango ya fahamu imewahi kumdanganya, na kwamba si busara kumwamini kikamilifu aliyekudanganya hata mara moja. Kisha akajipinga papo hapo: labda inatudanganya kuhusu vitu vidogo na vya mbali tu, kwani itamdanganyaje kwamba ameketi karibu na moto, akiwa ameshika karatasi mkononi? Ni baada ya swali hilo ndipo anapoileta hoja ya ndoto, yaani kwamba huenda anaota tu kuwa ameketi hapo. Asiyeiona hatua hiyo ya katikati hujaza kurasa mbili kwa pingamizi ambalo Descartes alikwisha kulijibu, na inasikitisha sana kulisoma.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika insha, iandikeni hoja kwenye karatasi ya pembeni kwa sentensi fupi zenye namba, hitimisho likiwa la mwisho, kisha jiulizeni ni ipi hasa msiyoikubali. Chagueni moja tu. Aya ya kwanza iseme waziwazi mtatetea dai gani, na zinazofuata zilitetee, pamoja na kulijibu pingamizi zito kuliko yote ambalo msomaji makini angewaletea, si lile jepesi mlilolitunga ili mlishinde. Msiogope ufupi. Mwaka 1963 mwanafalsafa Mmarekani Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu hivi, akatikisa fasili iliyosema kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli ukiwa na sababu za kutosha, na alifanya hivyo kwa mifano miwili tu aliyoieleza kwa uangalifu.

Kuhusu majaribio mafupi ya darasani sina mengi. Kusoma ukurasa uleule mara tano huku mkiupigia mistari kunawapa hisia ya kuelewa, lakini si uelewa wenyewe. Fungeni kitabu, iandikeni hoja kwa kichwa, kisha fungueni muone mlipokosea. Zingatieni zaidi tofauti kati ya hoja halali na hoja yenye misingi ya kweli (misingi ni sentensi zinazolibeba hitimisho), maana hapo ndipo wengi huanguka. Nikisema kwamba samaki wote huruka angani, na papa ni samaki, kwa hiyo papa huruka angani, hoja yangu ni halali kabisa, kwa sababu haiwezekani misingi yake miwili iwe kweli na hitimisho liwe uongo, ingawa msingi wa kwanza ni uongo mtupu. Tungeni mifano yenu ya namna hiyo, pamoja na ile ambayo sentensi zake zote ni za kweli lakini hoja si halali, mpaka mweze kumweleza mwenzenu bila kusitasita.

Mkikwama, nendeni kwa mhadhiri mapema mkiwa na ile karatasi yenye namba, mmwoneshe ni kati ya sentensi ipi na ipi ambapo hamwoni njia. Swali la namna hiyo hujibika, na nilikuwa nikifurahi kila lilipoletwa mezani kwangu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu